Aliyeng'oa Majani Yake

Baiskeli ikiwa mbele yetu imebeba majani ya ng'ombe, Bwana Shamba hakuweza kuipita. Alipunguza mwendo, akawasha taa za tahadhari, akaifuata polepole kama gari la msiba mpaka mwendeshaji akate kona na kuingia njia ya vumbi. Nyuma yetu magari yalipiga honi. Bodaboda walitupita kushoto na kulia wakitutukana kwa Kiganda na kwa Kiswahili cha barabarani. Macho ya Bwana Shamba yalikuwa juu ya ule mzigo wa kijani ulioyumba mbele yetu, na shingo yake ilikuwa imekaza. Mara ya kwanza nilidhani pikapu imeharibika. Mara ya pili nilimwuliza. Alisema barabara ni mbaya, basi, akabadilisha mazungumzo.

Nilimjua tangu nilipoanza kumsaidia baba yangu dukani. Duka letu ni la mbegu, liko Nakawa, si mbali na soko. Asili yetu ni watu wa pwani; mababu walikuja huku na biashara, wakazaa na kuzikwa huku, na nyumbani kwetu Mengo mpaka leo tukikaa kula tunazungumza Kiswahili. Yeye alikuwa Muganda na Mprotestanti. Kiswahili chake alikiokota kazini, kaskazini-mashariki alikoishi na wafugaji na askari jeshi, kabla serikali haijamhamishia pembezoni mwa Kampala. Kilikuwa Kiswahili cha kambi. Kila kitu kilikuwa "hii" na "ile", na l na r zilibadilishana nafasi zilivyopenda. Wanaume wote aliwaita ssebo, na sisi wanawake nyabo, kwa heshima ya Kiganda. Kustaafu kwake hakukumvua jina la kazi. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Bwana Shamba mbele ya wageni, na mimi sitamwita vinginevyo hapa.

Alikuja dukani karibu kila juma, na mara chache sana alinunua kitu. Alimsalimu baba salamu ya Kiislamu, akavua kofia, akaketi juu ya gunia la chokaa karibu na mlango. Mwezi wa Ramadhani ukiingia alikataa hata maji humo dukani, ingawa baba alimwambia mara nyingi kwamba halazimiki. Kisha alingoja wateja. Mtu akiingia na kuomba mbegu za majani, Bwana Shamba alianza kumhoji kabla mimi sijafikia rafu. Shamba limekaa bondeni au mlimani? Ng'ombe wangapi, na nani anawakatia majani? Mvua ikikatika, maji yanatoka wapi? Alipenda sana kuuliza udongo unavaa nini baada ya mahindi kuvunwa. Mtu akijibu kwamba haupandwi kitu, unapumzika, alitikisa kichwa. Udongo usilale uchi, alisema. Panda fiwi, maharage yatambaayo, katikati ya mahindi wakati mahindi yangali magotini, ukivuna hili, lile limeshafunika ardhi, na ng'ombe wanapata cha kula.

Tuliyajua maneno yake kwa moyo. Fiwi yakatwe, yaachwe yanyauke kwanza, maana ng'ombe akiyala mabichi kwa pupa tumbo litamjaa gesi. Mtama mchanga usikatwe kamwe, hasa ule uliochipua kiangazi kilipotoka kuisha, kwa kuwa una sumu. Ungoje ukuzidi kiuno. Desmodiamu, jamii ya kunde itambaayo, ipandwe katikati ya mistari ya majani, miti ya kaliandra mpakani, marando ya viazi pale penye pembe isiyo na kazi. Na wakati wa mvua, majani yanapozidi, uyakatekate uyashindilie kwenye pipa, uyafunge yasiingie hewa, yangoje kiangazi.

Yote hayo yalikuwa ya kweli na wateja walifaidika. Lakini namna alivyoyasema iliwafukuza wengine. Namkumbuka bwana mmoja kutoka Ntinda, mtu mstaarabu, aliyekuwa amenunua kipande cha ardhi huko nje ya mji na kutaka mbegu za majani ya brakiaria za kujaza shamba zima. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi zinavyonawiri. Bwana Shamba alimwuliza kwa upole kwa nini anataka aina moja tu. Bwana yule akaeleza, na maelezo yake hayakuwa ya kijinga.

"Na hii moja ikikufa?" Bwana Shamba akauliza.

Mteja akacheka kidogo. Akasema mbegu hizi ni za kisasa, zinavumilia jua.

"Kitu yote inaweza kufa, ssebo. Mimi nauliza siku ile ng'ombe yako itakula nini."

Alilisema hilo akiwa amesimama karibu mno na uso wa yule bwana, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa sauti ya ushauri tena. Mteja alirudi nyuma, akaaga, hakununua. Baba alishusha pumzi, akaendelea kupima mbegu za mahindi. Jioni nilimlalamikia kwamba mzee huyu atatufungia duka. Baba akasema nimwache, ana mambo yake.

Alikuwa na mambo yake kweli. Aliwapenda ng'ombe waziwazi, akawa mkali kwa wenyewe. Angeweza kusimama nusu saa akimkuna ng'ombe wa mtu kwenye shina la mkia, akimsemesha Kiganda cha kubembeleza, huku mwenye ng'ombe akigombezwa kwa sababu hori ni chafu. Alikuwa mcheshi sana mezani, hodari wa kuiga sauti za mabosi wake wa zamani, lakini kicheko kilimtoka usoni ghafla, kama taa umeme unapokatika, akabaki anatazama mlangoni. Kengele ya baiskeli ikilia nje, alinyanyua kichwa kabla yetu sote.

Kilichonishangaza zaidi ni kiwanja chake. Alikaa Kiwatule, nyumba ya matofali yenye ua mkubwa nyuma. Nilitegemea kukuta bustani ya mfano, mistari ya majani ya kila aina, kama anavyowahubiria watu. Nilikuta ardhi tupu. Nyekundu, imefagiwa, haina hata jani. Mvua ilikuwa imechora mifereji humo na udongo ulikuwa umekimbilia ukutani. Mtu aliyewasihi watu wasilaze udongo uchi aliulaza wa kwake uchi miaka na miaka. Aliniona nikitazama. Aliniambia hapo hapapandwi. Kisha akainama, akachomoa kitu kidogo cha kijani kilichoanza kuchungulia kando ya ngazi, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakitia mfukoni.

Siku moja aliniomba nimsindikize Ntinda kwa kazi ndogo. Nilidhani ni kumwona mfugaji. Tulisimama mbele ya gorofa jipya lenye lango la chuma. Pikapu yake ilikuwa na panga, jembe na magunia matupu, kama siku zote. Mlinzi wa langoni alikuwa Mkongo, na kwa kuwa Kiswahili chao wawili kilitoka kambini, walielewana upesi. Nadhani mlinzi alimchukulia kuwa fundi wa shimo la maji machafu. Alitufungulia. Bwana Shamba hakuuliza njia. Alipita kando ya magari, akazunguka nyuma ya gorofa, mpaka kwenye uwazi mwembamba kati ya shimo na ukuta.

Palikuwa na kichaka kimoja cha mabingobingo. Baganda huyaita bisagazi: majani marefu yanayofanana na miwa, ambayo kila mwenye ng'ombe mjini anayajua. Yakiwa mazima huzidi kimo cha mtu. Haya yalifika magotini. Yalikuwa membamba, njano iliyofifia, yamejazana shinani kama nywele za mgonjwa.

Aliyatazama muda mrefu. Halafu akapiga magoti, mzee yule, akaanza kuchimba. Hakukata. Alichimba mpaka akafikia mizizi, akaing'oa, akapekua udongo kwa vidole kutafuta vipande vilivyobaki, akavitia vyote kwenye gunia na kulifunga kwa kamba. Kisha akaosha panga na jembe kwa dawa ya kufulia aliyoibeba kwenye chupa, ingawa mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba wanaoueneza ugonjwa wa majani hayo ni wadudu wadogo na pingili za kupandia, si panga.

Mlinzi alikuwa ametufuata. Aliuliza majani haya yamefanya kosa gani.

"Hii haina kosa," Bwana Shamba akamjibu. "Hii iliretwa."

Alikwenda kulichoma gunia lile nyuma ya nyumba yake siku hiyo hiyo. Nilipomhadithia baba, hakushangaa. Alisema Bwana Shamba amekuwa akifanya hivyo kwa miaka, kwenye mitaro, nyuma ya shule, kwenye viwanja ambavyo zamani vilikuwa mashamba na sasa ni nyumba za watu. Penye gorofa lile, alisema, palikuwa na mjane mwenye ng'ombe mmoja. Bwana Shamba ndiye aliyempandia.

Baba alinieleza habari yote mchana mmoja wa mvua, duka likiwa halina mtu. Katika miaka yake ya nguvu, Bwana Shamba alikuwa na shamba la mabingobingo nyuma ya nyumba yake, pale pale palipokuwa patupu sasa. Hapakuwa na majani mazuri kama yale upande wote huo wa mji. Alikata pingili, akazijaza kwenye pikapu, akazunguka nazo bila malipo kwa kila mwenye ng'ombe wa kisasa: wajane, walimu wastaafu, wafanyakazi wa viwandani waliokuwa na kiwanja kidogo. Hakuwaachia tu. Alishika jembe akapanda nao. Na aliwaambia wang'oe vingine vyote. Viazi vya nini, maharage ya nini, jaza bisagazi mpaka mpakani, hakuna jani linalolisha ng'ombe kama hili. Watu walimpenda. Alipopita barabarani walimsimamisha wampe maziwa.

Ugonjwa ule una hila yake. Hauonekani mpaka uyakate majani. Shina likisimama bila kuguswa, linaweza kuonekana zima kabisa huku ugonjwa umeshaingia ndani. Unakata mara ya kwanza, yanachipua vizuri. Mara ya pili yanachipua mafupi kidogo. Baadaye yanatoka njano, membamba kama majani ya kitunguu, na hayainuki tena. Watu walianza kumlalamikia. Yeye aliwalaumu: hamtii samadi, mnakata chini mno, mnakata mapema. Aliwagombeza wanawake waliokuwa wamefanya kila alichowaagiza. Na shamba lake mwenyewe lilisimama zuri, refu, hoja yake isiyojibika, kwa sababu alikuwa hajalikata tena msimu mzima. Alilitunza kwa ajili ya pingili.

Mwishowe akalikata. Lote. Akangoja mvua mbili tatu, akatoka asubuhi kwenda kutazama, na likawa limechipua njano.

Baba akasema kwamba kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu, na kwamba waliokuwa wamepanda jani moja tu hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Ng'ombe waliuzwa, wengine kwa mchinjaji. Bwana Shamba alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba yeye ndiye aliyewaletea. Wengine walimfukuza. Wengine walimpa kiti na chai, na hao ndio waliomwumiza zaidi.

Kulikuwa na nyumba moja ambayo hakwenda. Huko mbele ya Kira waliishi mume na mke kutoka Kenya. Mume alifanya kazi kiwandani, hapa hapa Nakawa, na wote walimwita Baba Atieno, kwa jina la binti yao. Walikuwa na ng'ombe wawili na kiwanja ambacho Bwana Shamba alikuwa amekijaza mabingobingo mpaka mlangoni. Majani yalipokufa, Baba Atieno akawa anaondoka alfajiri na baiskeli kwenda kukata majani ya kinamasi kabla ya kwenda kazini. Asubuhi moja lori la mchanga lilimgonga njiani akirudi. Bwana Shamba alipita pale baadaye kidogo. Mtu alikuwa ameshachukuliwa. Majani ya kinamasi yalikuwa yametapakaa barabara nzima, na magari yalikuwa yakipita juu yake.

Siku maiti iliposafirishwa kwenda kuzikwa kwao, Bwana Shamba alisimama ng'ambo ya barabara mpaka gari likaondoka. Hakuvuka.

Tangu nilipolijua jambo hilo, nilimwona kwa namna nyingine, na nadhani alitambua. Alianza kuniambia vitu. Hakuniambia kwa mpangilio. Aliviachia katikati ya mazungumzo ya mbegu, kama mtu anayedondosha kitu na kuendelea kutembea. Siku moja tulikuwa tukijaribu mbegu za desmodiamu, tumezilaza kwenye kitambaa chenye maji tuone ngapi zitaota. Akasema, bila kunitazama, kwamba yule mtu huja.

Nikauliza mtu gani.

"Yule wa baiskeli. Anakuja asubuhi, anasimama nje ya ua. Mzigo iko nyuma, imekauka. Haongei."

Nikamwuliza kama anamwogopa.

"Hapana. Hanilaumu, nyabo. Angenilaumu, ningelala."

Kisha akanyoosha kitambaa, akasema mbegu zile ni za zamani, nisiziuze.

Sijui alichokiona. Binti yake, aliyeishi naye baada ya mkewe kufariki, alinisimulia kwamba mara nyingi asubuhi alimkuta baba yake amesimama kwenye ule ua mtupu, amevaa viatu vya mpira na koti, akitazama upande wa barabara. Akimwuliza anangoja nani, alijibu kwamba anaangalia kama kuna kitu kimechipua. Alimpeleka kwa mchungaji. Alimpeleka hospitali. Mchungaji alimwambia Mungu ameshasamehe, na Bwana Shamba akashukuru kwa adabu, akarudi kusimama pale pale.

Nimemwona akikataa shukrani za watu. Mkulima mmoja kutoka Gayaza alimletea kuku mkubwa kwa sababu ng'ombe wake walivuka kiangazi kwa majani ya pipa, kama alivyomfundisha. Bwana Shamba hakumpokea kuku. Alimwuliza kama kweli ana aina zaidi ya mbili shambani, na alipohakikishiwa, alimshika yule mkulima mkono kwa nguvu hata mtu akaona haya. Kuku alibaki dukani. Tulimla sisi.

Baba alifariki, nikabaki na duka. Bwana Shamba aliendelea kuja, akiketi pale pale, ila macho yalikuwa yakimwacha. Alianza kuzitambua mbegu kwa kuzigusa. Pikapu ilisimama nyumbani kwake, magurudumu yakalegea. Halafu akawa haji. Binti yake akanipigia simu, akasema mzee haumwi sana lakini hali chakula, na kwamba kuna safari anaitaka, na hataki mwingine ampeleke ila mimi.

Nilijua kabla hajaitaja.

Tuliondoka asubuhi ya Jumamosi kwa gari la duka, mimi nikiendesha. Alikuwa amevaa koti la harusi, la zamani, lililomzidi mwili sasa. Ntinda ilikuwa imejaa magari, tukakaa kwenye foleni muda mrefu. Baada ya Kira njia ikawa nyembamba. Sikupajua, lakini yeye, ambaye hakuona vizuri, aliniambia pa kukata kona. Aliipima njia kwa miinuko na mashimo. Nyumba mpya zilikuwa zimekizunguka kiwanja cha Mama Atieno pande zote. Ndani ya ukuta wa miti mlikuwa na banda lenye ng'ombe watatu wenye afya, na nyuma ya banda mistari ya majani. Nilimsomea Bwana Shamba nilichokiona: gwatemala yenye majani mapana, desmodiamu ikitambaa katikati, kaliandra mpakani, viazi. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Mama Atieno alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi, anayetembea kwa kuchechemea kidogo. Alimtazama mgeni wangu.

"Bwana Shamba," akasema. "Nilidhani ulishakufa."

Hakulisema kwa ubaya. Alituletea viti, akatuwekea chai ya maziwa, akatuombea. Bwana Shamba hakukigusa kikombe. Alisema aliyokuja kuyasema, na aliyasema vibaya, kwa Kiswahili chake kilichokatika vipande: kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, kwamba yeye ndiye aliyesema wang'oe viazi, kwamba kama si hayo mtu yule hangekuwa barabarani na baiskeli asubuhi ile. Alisema alipaswa kuja zamani, na kwamba aliogopa.

Mama Atieno aligeuka akatazama kando ya banda.

"Siku hiyo majani yalikuwa hapa," akasema.

Bwana Shamba akageuza uso kufuata ilikotoka sauti.

"Ndugu yangu alikuwa ametuletea siku moja kabla, gari nzima. Yalikuwa pale kando ya banda, bado mabichi. Ng'ombe walikuwa wameshakula. Tuligombana hiyo asubuhi. Nilimwambia neno ambalo sitalisema hapa. Akachukua baiskeli akatoka. Hakuwa anafuata majani. Alikuwa anatoka tu, na baiskeli ilijua njia hiyo moja, na mikono yake ilijua kukata majani tu. Watu walipokuja wakasema ni majani yamemuua, nikanyamaza. Nikawaachia waseme hivyo. Hata binti yangu anajua hivyo."

Nilitazama chini. Nilifikiri mzee angelia, au angeshusha pumzi, au angesema ahsante. Alikunja uso kama mtu anayenyang'anywa kitu.

"Hapana, nyabo," akasema. "Kama bisagazi yangu ingekuwa mzuri, hiyo njia hangeijua."

"Angejua nyingine."

"Hapana. Ni majani."

"Ni mimi, mzee. Nilikuwa hapa. Wewe hukuwa."

Hawakupandisha sauti. Walibishana hivyo kwa muda, taratibu, wakirudiarudia yale yale, kama ndugu wawili wanaogombea kushika jeneza upande wa mbele. Hakuna aliyetaka kuachia. Mimi nilikuwa nje ya jambo lile kabisa. Niliona tu kwamba kila mmoja alikuwa ameishi na marehemu peke yake miaka hiyo yote, na sasa amekuta kuna mwingine nyumbani mwake.

Ng'ombe mmoja alilia. Mama Atieno akainuka, akasema wamechelewa kula. Bwana Shamba naye akainuka, akaomba aonyeshwe mahali mabingobingo yake yalipokuwa, kama bado kuna shina lolote ang'oe. Mama yule akamwambia hakuna. Aliyang'oa yote yeye mwenyewe aliporudi kutoka mazishini, akayachoma, na hajawahi kuona hata moja likirudi.

Mzee alibaki amesimama na mikono mitupu. "Basi hakuna kitu ya mimi kufanya hapa," akasema.

"Ipo kazi. Hawa hawajala."

Akampa panga, akamwongoza kwa kiwiko mpaka mwanzo wa mstari wa gwatemala. Bwana Shamba aliinama, akapapasa mpaka akapata shina, akapima kwa kiganja kutoka ardhini asikate chini mno, akakata. Alikata vizuri bila kuona. Mama Atieno alimfuata nyuma akikusanya, na mimi nikabeba kwenda horini. Tulifanya hivyo mpaka ng'ombe wakawa na cha kutosha. Jasho lilikuwa limeloanisha lile koti, naye hakutaka kulivua.

Alipoinuka, alimwuliza Mama Atieno jina la mumewe.

"Baba Atieno," akajibu.

"Hapana. Yake mwenyewe. Mimi sikuwahi kuuliza."

Nadhani mama yule hakuwa amelitamka siku nyingi.

"Elisha," akasema.

"Erisha."

"Elisha."

Alijaribu tena, kwa uangalifu, ulimi ukitafuta mahali pa kushika. Likatoka vile vile. Mama Atieno hakumsahihisha tena.

"Kule kiwandani Baganda walimwita hivyo hivyo," akasema. "Alikuwa anaitika."

Bwana Shamba akageukia upande wa mistari ya majani, panga bado mkononi, akalisema mara moja zaidi, kwa sauti ya kumwita mtu aliye karibu. Kisha sote watatu tukanyamaza, na hata mimi, ambaye sikumjua marehemu, nilikuwa nikisikiliza.